Rangi, Ladha, Harufu

Babu yangu hakutawadha kwa maji aliyoletewa bila kuyahoji kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa mletaji. Nilikuwa na miaka tisa. Kila alfajiri, kabla ya adhana, niliteremka bondeni na ndoo, nikapita katikati ya miwa yenye umande mpaka kwenye chemchemi yetu, nje kidogo ya mji wa Mumias. Wazee walikuwa wameijengea ukuta wa mawe na kuitia kipande cha bomba la chuma, na maji yalitoka usiku na mchana, kiangazi na masika, ya baridi hata yanauma meno. Nikirudi nyumbani, babu alichota kikombe kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa taa ya chemni, akakinusa, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatema kando. Ndipo aliponyoosha mikono nimmiminie.

Nilipoanza kusoma Safina madrasani, kile kitabu kidogo cha fiqhi ambacho watoto wengi wa Kishafi wamekipitia, nilikuta ndani yake vidole vya babu, pua yake na ulimi wake. Maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Maji mengi ni yale yaliyofika qullatein, yaani mitungi mikubwa miwili ya Waarabu wa zamani. Sisi watoto wa Mumias mitungi hiyo hatukuijua, kwa hiyo Maalim alitutoa nje, akagonga pipa la plastiki la bluu lililokinga maji ya paa la msikiti, akasema, "Hili hapa. Lita mia mbili, pungufu kidogo au zaidi kidogo." Tangu siku hiyo kila nikiona pipa la bluu naona mpaka wa sheria.

Safina inasema jambo jingine ambalo wakati ule lilinipita. Maji machache, yasiyofika pipa hilo, yananajisika kwa kuguswa tu na najisi, hata kama hayakubadilika chochote. Tone moja la mkojo ndani ya ndoo, na ndoo yote imekwenda, ingawa jicho halioni kitu na pua hainusi kitu. Kwa hiyo hao wanazuoni hawakuwa watu wa kudhani kwamba uchafu usioonekana haupo. Walijua upo. Waliziweka alama tatu kwa sababu mtu wa kawaida, katika safari, jangwani au kisimani usiku, hana shahidi mwingine zaidi ya macho, pua na ulimi aliopewa na Mola wake.

Leo kazi yangu ni kupima maji. Siku moja, baada ya mazishi ya shangazi, nilirudi mjini na chupa ya kioo cheusi niliyoijaza pale pale chemchemini, kwenye bomba lile lile. Nilitaka kujua tu. Mashine tunayotumia kutafuta dawa za mashambani haisemi ndiyo wala siyo. Inachora mstari mrefu ulionyooka, na pale inapokutana na kitu, mstari unapanda na kushuka kama kichuguu. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikiusindikiza mstari kwa macho, na dakika ile ile ambayo atrazini huwa inajitokeza, kichuguu kikainuka. Kilikuwa kidogo. Kiasi chake kilikuwa chini sana ya kile ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali, na juu ya kile ambacho Ulaya inakubali. Nilikuwa nimekunywa maji hayo asubuhi yake, na nilikuwa nimeyasifu.

Atrazini ni dawa ya kuua magugu, imekuwa sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Inaingia kwenye jani na kuziba ile kazi ya kugeuza mwanga kuwa chakula, na gugu linakauka juani. Mahindi na miwa vina uwezo wa kuivunja nguvu, ndiyo sababu vinabaki vimesimama. Baba ni mkulima wa miwa kama nusu ya jirani zetu, na sitaisema dawa hii kana kwamba iliingia kijijini kwa hila. Miwa ikishakatwa, visiki huchipua upya, na kabla majani yake hayajafunika ardhi, magugu yamewahi. Kabla ya dawa, mama na shangazi walipalilia kwa jembe mara tatu au nne kwa msimu, migongo imepinda, watoto wamefungwa mgongoni. Dawa ilipokuja, mama alinyooka. Nakumbuka msimu wa kwanza alikaa barazani saa nne asubuhi akiwa hana la kufanya, akawa anaangalia mikono yake. Anayetaka kuhukumu dawa ya magugu aanze kwa kuiona mikono hiyo.

Lakini nakumbuka pia jioni za kupuliza. Baba alikuwa na bomba la mgongoni la lita 20. Akimaliza shamba alilileta chemchemini, kwenye bapa la jiwe pembeni, akalifungua mfuniko, na mimi nikamiminia maji kwa kibuyu. Suuzo la kwanza lilitoka jeupe kama maziwa yaliyochujwa. La pili lilitoka kama maji ya mchele. La tatu likatoka angavu kabisa, na baba akasema, "Limesafika." Mara tatu, kama tunavyoosha viungo vya udhu. Maji hayo yote yalipita kwenye majani, yakaingia kijitoni, na kijito chetu kinaingia Nzoia, na Nzoia inaingia Ziwa Viktoria. Mkono uliomimina maji ya udhu ya babu asubuhi ndio uliomimina maji ya kusuuza bomba jioni, na kazi zote mbili nilizifanya kwa heshima ile ile, kama mtoto anayewatii wakubwa.

Nilipeleka habari ya kichuguu kwa Maalim, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana, macho yamefifia, anasomesha kwa kumbukumbu. Nilimweleza kila kitu. Akaniuliza, "Mwanangu, yamebadilika rangi?"

"Hapana, Maalim."

"Ladha?"

"Hapana."

"Harufu?"

"Hapana."

"Basi mashine yako imeona nini?"

Nikamfanyia hesabu. Chukua gramu moja tu ya atrazini tupu, uiyeyushe katika pipa lako la bluu. Kila lita itakuwa na mikrogramu 5,000, mara 50 ya kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani, na maji yatabaki kama yalivyokuwa. Utatawadha nayo na kuyasifu. Akanyamaza kidogo, kisha akanikumbusha kanuni ambayo sikuwa nimeisahau ila nilitumaini ataisahau yeye: katika madhehebu yetu, najisi ndogo isiyodirikiwa na jicho la kawaida imesamehewa. Sheria haikumtaka mja ajitafutie jicho la tai. Nikamwambia kwamba kila Ramadhani tunagombana kuhusu mwezi, hawa wanataka uonekane kwa macho, hawa wanakubali darubini, hawa wanafuata hesabu, na wote ni Waislamu wenye hoja. Kwa nini mashine yangu isipewe nafasi ya darubini?

"Kwa sababu mwezi haumuumi asiyeuona," akasema. "Wewe umebisha mlango usio wako. Sumu si najisi. Ukibeba sumu mfukoni, swala yako inasihi. Haya yako ni ya mlango wa madhara, na mlango huo hauna rangi wala harufu. Huko anayeulizwa ni mjuzi. Tabibu akikwambia hiki kitakuua, basi kukinywa ni haramu, hata kama kinang'aa kama zamzam."

Nimelibeba jibu hilo miaka mingi. Katika lugha yetu neno "safi" linafunika mambo mawili ambayo fiqhi iliyatenga: maji yanayofaa kusimama nayo mbele ya Mola, na maji yanayofaa kuingia mwilini mwa mtoto. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia liliulizwa kuhusu maji taka yaliyosafishwa kwa mitambo. Likasema kwamba yakisafishwa mpaka rangi, ladha na harufu ya uchafu isibaki, yanakuwa tohara na yanafaa kwa udhu; na pamoja na hayo likashauri watu wajiepushe kuyanywa, kwa ajili ya afya zao. Milango miwili, kama alivyosema Maalim.

Lakini mlango wa madhara nao una madhehebu yake. Shirika la Afya Duniani linakubali mikrogramu 100 za atrazini na vizazi vyake katika lita ya maji. Marekani inakubali 3. Umoja wa Ulaya unakubali 0.1, na mwaka 2004 uliamua kuiondoa dawa yenyewe, kwa sababu maji ya ardhini yalikuwa yanapita kiwango hicho. Gramu ile ile moja, kwa wa kwanza inaharibu lita 10,000. Kwa wa pili lita zaidi ya 330,000. Kwa wa tatu lita milioni 10. Mtu akiona tofauti hiyo atadhani mmoja ni mwongo. Hakuna mwongo. Wameuliza maswali tofauti. Shirika la Afya Duniani limeuliza: ni kiasi gani ambacho mtu akikinywa maisha yake yote hakitarajiwi kumdhuru? Ulaya ilichukua kiwango kimoja ikakiweka kwa karibu kila kiuatilifu, kikali na kipole, kikiwa karibu sawa na kusema: kitu hiki kina haki gani ya kuwa ndani ya maji?

Swali la pili ndilo ninaloliona kuwa la dini. Sidai kwamba lina sayansi bora. Ninachosema ni kwamba mtu anayeamini maji ni amana aliyokabidhiwa haulizi tu amana imeharibika kiasi gani. Anauliza nani aliigusa.

Sasa niseme habari ya kuyasafisha, maana hapo ndipo swali lilipogeuka mikononi mwangu. Watu wa nyumbani walinishauri kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na nitaendelea kuwahimiza watu wachemshe. Lakini atrazini haiondoki na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, dawa inabaki, na kila lita iliyosalia imebeba zaidi ya ilivyokuwa. Shabu inakusanya tope na kulitua chini, lakini atrazini imeyeyuka, haina tope la kushikwa. Klorini inaua vijidudu na kuiacha dawa karibu kama ilivyo. Ozoni na mwanga mkali wa urujuanimno vinaivunja, mara nyingi nusunusu, vikiacha vipande ambavyo navyo vinahitaji kufuatiliwa. Kinachofanya kazi vizuri ni makaa amilifu, yale yaliyochomwa na kutobolewa vitundu vidogo mno, hata gramu chache zina eneo la ndani kubwa kama uwanja wa mpira. Atrazini inaingia kwenye vitundu ikanasa.

Nilitengeneza chujio la makaa nyumbani kwa baba. Maji yaliyotoka, mashine haikuyaona na kichuguu. Nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu mdogo wangu, ambaye sasa ndiye anayelima, aliniuliza swali rahisi: "Dada, haya makaa yakijaa tutayatupa wapi?"

Viwanda vikubwa vya maji huyarudisha makaa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi mia kadhaa yakachomwa upya. Sisi tulikuwa na shimo la takataka nyuma ya jiko, hatua arobaini kutoka bondeni. Nilikuwa nimeitoa atrazini ndani ya maji, nikaiweka mkononi, na sikuwa na pa kuiweka. Nilikuwa nimeihamisha.

Hapo nilikumbuka mas'ala aliyotusomesha Maalim kutoka Minhaj ya Imamu Nawawi, ambayo utotoni niliyaona ni ya kupoteza wakati. Maji mengi yamenajisika, yananuka. Harufu ikiondoka yenyewe, au kwa kuongezewa maji, yamerudi kuwa tohara. Lakini mtu akitia miski, harufu ikapotea, au akitia zafarani, rangi ikapotea, maji hayajatoharika. Na kwa kauli yenye nguvu zaidi, hata udongo na chokaa hukumu yake ni hiyo. Kwa nini? Kwa sababu hujui kama uchafu umeondoka au umefunikwa. Nilikuwa nikijiuliza nani mwenye akili atatia miski kisimani. Sasa naona Imamu alikuwa anazungumza nasi. Makaa hayafanyi hila kama miski, maji yake yanatoka yamesafika kweli kweli, na kwenye kiwanda chenye tanuri ni njia ya kuaminika. Lakini mimi niliyekuwa tayari kuzika makaa yale nyuma ya jiko nilikuwa karibu kutia zafarani.

Tukirudi kwenye fiqhi, kuna njia nyingine ya kitu kuwa tohara, nayo ni kugeuka. Pombe ikigeuka siki, siki ni halali. Uchafu wenyewe unaacha kuwepo. Waliotangulia waliiita istihala. Wahanafi waliupanua mlango huo; Mashafi wetu wakauacha mwembamba, siki na mambo machache mengine. Mimi ni Mshafi, na sina elimu ya kuupanua. Lakini nilipokutana na bakteria wanaokula atrazini, neno hilo ndilo lililonijia kwanza.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, Raphi Mandelbaum, Deborah Allan na Lawrence Wackett, walitangaza kwamba wamepata, katika udongo wa mahali ambapo dawa za magugu zilikuwa zimemwagika, bakteria wa jamii ya Pseudomonas anayeifanya atrazini chakula. Waliofuata walizihesabu hatua zake. Kimeng'enya cha kwanza kinang'oa klorini na kuweka mahali pake kipande cha maji. Hapo tayari gugu haliogopi tena. Cha pili kinakata mkia mmoja wa molekuli, cha tatu kinakata mkia wa pili, kinabaki kile kiduara cha katikati. Cha nne kinakivunja kiduara, na viwili vilivyobaki vinamalizia. Mwishoni kuna hewa ya ukaa, ile tunayoitoa puani, na amonia, ile iliyomo katika samadi. Atrazini haikujificha mahali. Haipo.

Kuna jambo moja ndani ya habari hiyo linalonishangaza kila ninapolifikiria. Kimeng'enya cha kwanza, kile kinachong'oa klorini, kina ndugu yake katika bakteria wengine ambaye anafanya kazi tofauti na atrazini haiwezi. Wote wawili wamejengwa kwa mnyororo wa vipande zaidi ya 470 vya asidi amino, na wanatofautiana katika vipande 9 tu. Dawa haikuwepo duniani kabla ya miaka ya 1950. Ilikuwa haijatimiza miaka 40, na udongo tayari ulikuwa na kiumbe kilichobadilishwa vipande tisa, kinachojua kuifungua. Kuna watakaosema hiyo ni bahati na uchaguzi wa maumbile, na kama mtu wa maabara sina ugomvi nao kuhusu namna ilivyotokea. Lakini mimi nimelelewa kuamini kwamba kila kiumbe kinamsabihi Muumba wake kwa namna yake tusiyoielewa, na siku niliyosoma habari ya vile vipande tisa nilifunga kompyuta nikaenda kuswali rakaa mbili.

Kisha nikakuta kwamba sina haja ya kwenda Minnesota. Mwaka 2009 Zachary Getenga, pamoja na wenzake wa Ujerumani, walichapisha habari za bakteria wa jamii ya Arthrobacter anayeivunja atrazini mpaka mwisho, naye alitoka katika udongo wa shamba la miwa hapa Kenya. Udongo wetu. Udongo unaoganda kwenye viatu vya baba. Miaka yote ile ambayo tulikuwa tukisuuza bomba na kusema limesafika, huenda chini ya nyayo zetu kulikuwa na wasafishaji wa kweli, wasio na jina.

Nilimsomea Maalim hatua zile sita, polepole, kwa Kiswahili. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia kwa mtu asiyejua bakteria ni nini: "Inageuka yenyewe, au mnatia kitu?"

Kwa Mashafi swali hilo ndilo linaloamua mas'ala ya siki. Pombe ikigeuka yenyewe, siki ni tohara. Ukitia kitu ndani ili igeuke, haikutoharika. Na bila kujua, aliuliza swali lile lile linalowashughulisha wahandisi wa maji. Maana huko Denmark walijaribu kutia. Walikuwa na shida na masalio ya dawa nyingine ya magugu, diklobenili, ambayo nchi hiyo iliacha kuitumia mwaka 1997, lakini masalio yake yaliendelea kutokeza kwenye visima. Walimpata bakteria anayeyala, wa jamii ya Aminobacter, wakamzalisha kwa wingi na kumtia kwenye machujio ya mchanga ya kiwanda cha maji ya kunywa. Siku za mwanzo masalio yalishuka chini ya kiwango. Baada ya wiki chache bakteria walikuwa wamepungua mno. Wengine walichukuliwa na maji ya kuoshea chujio, wengine waliliwa na vijidudu vikubwa kuliko wao, na maji ya kisima ni safi mno, hayana chakula cha kuwashibisha. Aliyezaliwa udongoni alipelekwa mahali pasipo na udongo.

Nilimwambia Maalim: ikigeuka yenyewe inadumu, tukitia kitu inachoka. Akacheka kidogo, akasema Imamu Shafi angelipenda hilo. Sijui kama nilimpa jibu la kielimu. Najua nilimpa la kweli.

Kuna jambo jingine kuhusu hawa bakteria ambalo wakulima wanapaswa kulisikia. Molekuli ya atrazini ina chembe tano za naitrojeni, na yule bakteria wa Minnesota anaila kwa ajili ya naitrojeni hiyo. Ukimwekea naitrojeni rahisi pembeni, anapunguza kazi ya kuivunja atrazini. Sisi tunapuliza dawa, kisha tunamwaga urea juu yake. Tunamshibisha mfanyakazi, halafu tunashangaa kazi imelala. Na upande wa pili, udongo uliozoea dawa miaka mingi unaivunja haraka hata magugu hayafi vizuri, na mkulima, badala ya kuona hapo rehema, anaona dawa feki, anaongeza kipimo.

Je, tukishajua kwamba udongo unaweza kugeuza sumu yetu kuwa pumzi na samadi, tumesamehewa? Wapo wanaoisimulia habari ya bakteria hawa kana kwamba ni ruhusa: pulizeni, ardhi itashughulika. Nilifunzwa kwamba mtu akilipiwa deni na mwingine, mdai hana tena haki ya kumdai. Lakini ubaya wa kuchelewesha kwa makusudi huku ukiwa na uwezo unabaki kwenye daftari la mdeni. Bakteria analipa kile kinachomfikia, pale anapoweza kuishi, kwa mwendo wake. Kile kilichokwishampita na kushuka chini kwenye maji ya chemchemi, kwenye giza, baridi na uhaba wa chakula, kinaweza kukaa huko miaka na miaka. Hapo anayedaiwa si yeye. Nimefikia kuamini kwamba usafi wa maji haukai kwenye maji. Unakaa kwenye yale mawe ambapo baba alikuwa akifungua mfuniko wa bomba, na saa ile ya jioni ndiyo saa ya ibada, sawa na ile ya alfajiri.

Kwa hiyo tulichimba shimo. Wakulima wa Sweden walianza mashimo ya aina hii miaka ya 1990, na yamesambaa nchi nyingi: nusu majani makavu ya nafaka, robo mboji ya kinamasi, robo udongo wa juu, na nyasi zimeota juu yake. Bomba la dawa linajazwa na kusuuzwa juu ya shimo hilo. Kilichomwagika kinanaswa na mboji, kinacheleweshwa mpaka viumbe wa udongoni wakifikie. Ukungu mweupe unaomea kwenye majani yanayooza nao unasaidia, maana vimeng'enya vinavyovunja ugumu wa majani vinavunja na dawa nyingi.

Letu ni la hatua mbili kwa mbili, kina kinafika juu ya goti, juu kabisa mlimani, mbali na bonde. Chini tulikandika udongo wa mfinyanzi tuliouponda kwa mchi. Majani ya nafaka hatuna, tuna majani makavu ya miwa ambayo watu huyachoma. Mboji ya kinamasi hatuna, tulitia samadi iliyooza mwaka mzima. Udongo nilitaka utoke kwenye shamba la zamani la baba, lile lililopulizwa tangu mimi ni mtoto, nikauchota mwenyewe kwa jembe la mama. Nilimwambia mdogo wangu urea isikaribie hapa. Aliuliza kama wale wadudu wangu wamo ndani yake kweli. Nikamwambia nimeuchukua mahali wanapoweza kuwepo. Tuliinua konzi moja puani. Ulinuka mvua.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mparachichi, akituangalia. Hawezi tena kuinua bomba, na Maalim alikwisha fariki, Mungu amrehemu, kabla sijamwonyesha shimo hili. Mdogo wangu alisuuza bomba mara tatu juu ya majani. Suuzo la kwanza jeupe, la pili kama maji ya mchele, la tatu angavu, na safari hii hakuna aliyesema limesafika. Alasiri ikaingia. Nikamletea baba madumu mawili, la njano la maji ya chemchemi na la bluu la maji ya mvua, nikamwambia hili ni la udhu, hili ni la kunywa.

Aliyatazama yote mawili. Hayakuwa na tofauti.

"Na haya ya chemchemi," akasema, "tutayanywa tena lini?"

Nikamwambia nitakuja kuyapima baada ya masika, na baada ya masika nyingine, nikaanza kummiminia.